Paneli za kuakisi mawimbi ya simu: zinafaa wapi?

Mnara uko mtaa wa pili, lakini ukiingia nyuma ya ghorofa tu, kasi ya intaneti inaporomoka. Katika masafa ya juu kama gigahezi 28, wimbi moja lina urefu usiofika milimita 11, na mawimbi mafupi kiasi hicho hayapindi kona kirahisi. Ukuta wa zege huyazuia. Hata mtu akipita katikati huyapunguza nguvu.

Badala ya kujenga mnara mwingine, watafiti wanajaribu paneli bapa za kubandika ukutani, zenye mamia au maelfu ya vipande vidogo vya metali, kila kimoja na diodi yake, yaani swichi ndogo ya kielektroniki. Diodi ikiwashwa au kuzimwa, kipande hubadilisha kidogo muda wa kulirudisha wimbi. Muda huo ukipangwa vizuri, mawimbi ya vipande vyote humfikia mtumiaji kwa mpigo mmoja, yakaimarishana badala ya kufutana. Paneli yenyewe haikuzi mawimbi, hivyo umeme wake ni wa diodi na kidhibiti tu. Ukiongeza vipande maradufu, nguvu inayomfikia mtumiaji huwa mara nne.

Hesabu hiyo hupendwa sana kwenye matangazo. Isiyosemwa ni kwamba wimbi hudhoofika njiani kuja kwenye paneli, kisha hudhoofika tena likitoka, na hasara hizo mbili huzidishana. Chukua njia ya mita 100. Paneli ikikaa katikati, 50 mara 50 ni 2,500. Ikikaa mita 10 kutoka kwa mtumiaji, 90 mara 10 ni 900. Nguvu hupungua kwa kipeo cha pili cha namba hiyo, kwa hiyo kuisogeza tu kunaongeza nguvu zaidi ya mara saba. Ibandikwe karibu na mtumiaji, au karibu na mnara.

Nchini Japani, NTT Docomo na kampuni ya vioo AGC walitangaza mwaka 2020 jaribio la paneli inayopitisha mwanga, ya kuwekwa hata dirishani. Kinachosumbua bado ni kujua mtumiaji yuko wapi wakati anatembea, maana paneli ya kawaida haina kipokezi.

Kwa kijiji kilicho mbali na mnara, sioni faida yake kwa sasa. Paneli ya vipande 1,024 kwa gigahezi 28 ina upana wa sentimita 17 hivi. Kwa megahezi 900, masafa ya chini yanayofika mbali vijijini, paneli ya vipande hivyohivyo ingezidi mita 5 kila upande.