Makutano ya Mshazari: Nyoosha Gari Kwanza, Ndipo Uangalie

Barabara mbili zikikutana kwa nyuzi 90, dereva anayetoka barabara ndogo hugeuza shingo kulia na kushoto, akaona pande zote mbili kwa urahisi uleule. Zikikutana kwa mshazari, tuseme kwa nyuzi 45, upande mmoja wa barabara kuu unakuwa mbele yako na wa pili unahamia nyuma ya bega, nyuzi 135 kutoka pua ya gari. Shingo ya mtu mzima mwenye afya huzunguka nyuzi 80 hivi, na hupungua umri unavyosogea. Nyuzi zilizobaki zinatakiwa zitoke kwenye macho na kiwiliwili. Dereva mwenye haraka hazitafuti. Anatupa jicho nusu na kuingia.

Wala kioo cha pembeni hakimwokoi. Kioo hicho hupangwa kionyeshe kinachofuata sambamba na ubavu wa gari, ilhali gari linalokuja kwa mshazari linakaa katikati ya kinachoonekana kiooni na kinachoonekana kwa dirisha la mbele. Hapohapo ndipo ilipo nguzo inayotenganisha milango ya mbele na ya nyuma. Pikipiki nzima hupotea nyuma yake. Hali ni mbaya zaidi upande huo unapokuwa wa abiria, kwa sababu kichwa chake, kiti chake na mizigo vinaziba hata upenyo mdogo uliobaki.

Dawa yake ni kubadilisha pembe ya gari kabla ya kuangalia. Angalia vioo kwanza, maana mwendesha baiskeli anaweza kuwa anapenya ubavuni. Punguza hadi mwendo wa mtu anayetembea, kisha katika mita 10 za mwisho zungusha usukani ili pua ielekee kuikata barabara kuu, ukibaki ndani ya njia yako. Hutapata nyuzi 90 kamili. Lakini gari dogo lenye urefu wa mita 4.5 linaweza kugeuzwa nyuzi 15 na bado likatosha katika njia ya mita 3, na nyuzi hizo 15 ni tofauti kati ya kuona na kubahatisha. Simama kabisa mstarini, hata kama alama inasema toa nafasi tu.

Sasa angalia. Jicho likiruka haraka kutoka kona hadi kona, ubongo hausajili kilicho katikati, hivyo litulize mahali patatu: karibu, katikati, mbali. Inama mbele, kisha rudi nyuma kitini, ili kila nguzo ihame na kufichua ilichokuwa imeficha. Mvua ikiwa imefunika dirisha la pembeni, lishushe. Maliza kwa kuangalia tena upande ule mgumu, kwa kuwa ndio uliouacha bila macho kwa muda mrefu.

Kuna hesabu ambayo madereva wengi huisahau. Barabara yenye upana wa mita 7 ukiikata kwa nyuzi 90 ni mita 7. Kwa nyuzi 45 ni karibu 10. Kwa nyuzi 30 ni 14. Kwa kuondoka kwa kawaida, pembe hiyo ya 30 inaongeza karibu sekunde moja ukiwa katikati ya barabara, na gari la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 katika sekunde hiyo. Nafasi iliyokutosha kwenye njia panda iliyonyooka haitakutosha hapa.

Kugonga kwa nyuma nako kumejaa kwenye makutano haya. Gari la mbele linaanza kuondoka, dereva wake anasita na kusimama. Wewe uliye nyuma tayari umeshageuza kichwa kutazama barabara kuu, na mguu uko kwenye mafuta. Usianze kutazama barabara kuu ili uingie mpaka gari la mbele liwe limeondoka kweli.

Mkunjo wenyewe una sura mbili. Ule wa pembe butu unafanana na kona laini, na watu huuingia kwa kasi. Kumbe watembea kwa miguu wanavuka hapo, pengine wamekupa mgongo. Uchukue kwa mwendo uleule ambao ungekata kona ya nyuzi 90. Ule wa pembe kali hauvumilii kukata kona: utajikuta kwenye njia ya wanaokuja. Lori na tela lina shida zaidi, kwani magurudumu ya nyuma hupita ndani kuliko ya mbele na kumbana aliye ubavuni. Ukiona hutaingia kwa mkupuo mmoja, endelea mbele utafute mahali pa kugeuzia. Usirudi nyuma ndani ya makutano.

Ukiwa barabara kuu ukisubiri kukatisha mbele ya magari yanayokuja, acha magurudumu yakiwa yamenyooka. Ukigongwa kwa nyuma yakiwa yamepinda, gari litasukumwa moja kwa moja kwenye njia yao. Na kwenye umbo la Y usiamini indiketa ya mwingine peke yake: barabara kuu ikipinda, mmoja huwasha kwa kufuata mpindo, mwingine hawashi. Subiri uone kasi inashuka na magurudumu ya mbele yanageuka.

Usiku, taa zako humulika pua inakoelekea, nayo njia ya pembe kali unayotaka kuingia inabaki gizani mpaka gari likaribie kumaliza kugeuka. Zungusha polepole, mguu ukiwa juu ya breki, hadi mwanga ufike barabarani.