Kukaimu si Kupanda Cheo

Kwenye ofisi za kaunti, Kisumu hadi Kakamega, utasikia mtu akisema: "Nina digrii sasa, na nimekaimu nafasi ya mkubwa wangu mwaka mzima. Nikienda kortini lazima nipewe mshahara wa kundi lake la kazi (job group)."

Sivyo. Digrii hukupa sifa ya kuomba nafasi. Nafasi yenyewe ni lazima iwepo na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti ikuteue. Kuhusu kukaimu, Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inaweka kikomo cha miezi 6, na wengi hudhani mwezi wa 7 ukifika wamethibitishwa. Unachoweza kudai hapo ni posho ya kukaimu, tena ukiwa na barua ya kukuteua kukaimu. Yule aliyeambiwa kwenye korido "shikilia hapo kidogo" ana kazi ngumu ya kuthibitisha.

Dai lenye miguu ni jingine: una barua ya kupandishwa cheo iliyotiwa saini, lakini payslip bado inaonyesha kundi la zamani. Hapo huombi cheo, unadai deni.

Usilale, lakini. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa miaka 3 kufungua kesi. Na mfanyakazi wa kaunti kwanza akate rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Akiiruka, Mahakama ya Ajira inaweza kuitupa kesi kabla hata ya kumsikiliza.