Gesi ya Msimbati na gesi ya mtungi: tunavyodanganyana barazani

Kaa baraza yoyote ya Chuno au Magomeni hapa Mtwara mjini, anzisha habari ya bei ya mtungi, uone kama zitapita dakika mbili kabla mtu hajasema: "Gesi inatoka kwetu Msimbati, mtungi tunauziwa kama watu wa Singida!" Wote mnaguna. Hata mimi nimeguna miaka mingi.

Wanasema: gesi ya mtungi ndiyo hiyo hiyo ya Mnazi Bay, kule Msimbati.

Siyo. Zinachangia jina tu. Iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, inayosafishwa Madimba na kusafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu 2015, ni gesi asilia, na karibu yote ni methani. Methani ina ukaidi wake: ili igeuke kimiminika kikae kwenye chombo cha kawaida, lazima ipozwe hadi kama nyuzi 162 chini ya sifuri. Mtungi wa jikoni hauwezi kazi hiyo. Ndiyo maana mtambo wa kuipoza hivyo unaosubiriwa kule Likong'o, Lindi, unatajwa kwa mabilioni ya dola.

Ya mtungi ni propani na butani. Hizi ukizibana kidogo tu zinakuwa kimiminika, zinatulia kwenye chuma cha kilo 6 au 15. Tunaziagiza nje kwa meli, zinashushwa Dar es Salaam na Tanga, halafu zinapanda lori kuja kusini. Mtungi wa Mtwara umekula nauli kabla haujafika dukani. Malalamiko kwamba gesi asilia inapita kwenda mbali wakati nyumba zilizovutiwa bomba hapa mjini bado chache, hayo ni mengine, na mimi siwezi kumnyamazisha mtu kwa hayo.

Tofauti hii haiishii kwenye bei. Methani ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapaa. Ya mtungi ni nzito, takriban mara moja na nusu hadi mbili ya hewa. Ikivuja inamwagika sakafuni kama maji, inaingia mvunguni, inajaa chini ya kabati, inatambaa mpaka chumba cha pili ambako mtu kawasha udi. Kwa hiyo kufungua kidirisha cha juu na kurudi kulala hakusaidii kitu. Fungua mlango, hewa ipite chini.

Wanasema: ukisikia harufu usiku, washa taa uone inapovujia.

Hapa naomba tusikilizane. Swichi ya taa ikibonyezwa hutoa cheche ndogo ndani yake, iwe unawasha au unazima. Cheche hiyo inatosha. Taa iliyokuwa inawaka iache iwake, iliyozimwa iache gizani, na feni usiiguse. Funga mtungi kwa kupapasa, toa watoto, acha mlango wazi. Simu ya zimamoto ni 114, na ipigwe ukiwa nje, mbali na nyumba.

Harufu yenyewe haitokani na gesi. Gesi haina harufu. Huongezwa kitu chenye kunuka makusudi ili tushtuke. Shida ni kwamba nyumba zetu siku ya ng'onda, samaki wa kukausha, pua zote zinakuwa likizo. Usiitegemee pua peke yake. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio, kuanzia kichwani mwa mtungi mpaka mpira unapoingia kwenye jiko. Likitoa mapovu yanayokua, panavuja. Nimewahi kuona mtu mzima na akili zake anapitisha njiti ya kiberiti hapo "kuhakikisha". Alikuwa na bahati, mpira ulikuwa mzima.

Wanasema: wauzaji wanatia maji. Ukitikisa unayasikia.

Hayo unayoyasikia yakicheza ndiyo gesi yenyewe, imebanwa ikawa kimiminika. Ukiwasha jiko, kimiminika hicho kinageuka mvuke na kuvuta joto la chuma, ndiyo maana mtungi unatoka jasho ukipika muda mrefu. Kama una wasiwasi wa kupunjwa, acha kutikisa, mwambie muuzaji aweke mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe; toa huo, kinachobaki ni gesi yako. Muuzaji anayenuna akisikia neno mizani, mhame.

Na wale wanaolaza mtungi ukikaribia kwisha ili "wakamue": ukilala, kimiminika kinaweza kuingia kwenye mpira badala ya mvuke, na moto ukaruka juu ghafla. Mtungi uweke wima, daima.

Wanasema: mkaa hauna hatari, babu zetu wametumia.

Babu zetu walipikia uani. Mwezi wa sita na wa saba, Newala na sehemu nyingine za juu ya uwanda wa Makonde baridi inauma, na watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha, wakalala. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na hakuna aliyeitia dawa ya kunuka. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki. Asubuhi yanaanza maneno ya kurogwa.

Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Sawa. Ila hata atakayebaki na mkaa, jiko lilale nje.

Wanasema: chakula cha gesi hakina ladha.

Mama mdogo wangu wa Mikindani ana msimamo mkali hapa: wali wa nazi wa gesi ni "wali wa hospitali". Nadhani anachokikosa ni palio, ule mkaa juu ya kifuniko, maana wali ukipaliwa unakauka vizuri na kutoa ukoko. Siku moja nilimpikia kwa gesi, nikapunguza moto mpaka mwisho, nikafunika kwa mfuniko mzito. Alikula sahani mbili bila kusema neno. Kuhusu samaki wa kuchoma lakini, nampa ushindi wake wote; huyo ni wa mkaa, tena uani.