Harufu ngeni kwenye chumba cha marubani: maswali na majibu

Harufu ya soksi zilizovunda inaingiaje ndani ya ndege?

Katika ndege nyingi za jeti, hewa tunayovuta huchotwa kwenye injini, kabla haijachanganyika na mafuta, ikapozwa na kuletwa ndani. Sili ya injini (kizuizi cha oili) ikivuja, oili kidogo huingia humo, na ndiyo inayonuka hivyo. Boeing 787 ni tofauti: hewa yake ya ndani huletwa na kompresa za umeme.

Inadhuru?

Ndiyo, inaweza. Macho na koo huwasha, kichwa huuma, mtu huona kizunguzungu na kichefuchefu. Oili hizo huwa na kemikali iitwayo trikresili fosfeti, na baadhi ya aina zake ni sumu kwa mishipa ya fahamu. Kuhusu madhara ya muda mrefu wanasayansi bado wanabishana. Ukishuka na dalili hizo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Rubani aanze na lipi?

Barakoa ya oksijeni, kabla hata ya kutafuta harufu inatoka wapi. Pua huzoea upesi: unadhani harufu imeisha, kumbe umeizoea. Barakoa ya rubani hutoa oksijeni asilimia 100, na ikiwekwa kwenye hali ya dharura huisukuma kwa nguvu ili moshi usipenye pembeni.

Usiku wa tarehe 2 Septemba 1998, marubani wa Swissair 111, ndege ya abiria ya Uswisi, walinusa kitu kisicho cha kawaida wakadhani kinatoka kwenye kiyoyozi. Kilikuwa moto juu ya dari. Tangu harufu ile ya kwanza hadi ndege kuanguka baharini karibu na Nova Scotia, Kanada, zilipita kama dakika 21 tu. Watu wote 229 walikufa. Ndiyo maana nasema harufu isisubiriwe mpaka iwe moshi.

Mbona barakoa za abiria haziteremshwi kukiwa na moshi?

Kwa sababu huchanganya oksijeni na hewa ya ndani ya ndege, kwa hiyo ungevuta moshi uleule. Tena oksijeni huchochea moto. Wewe inama, ziba pua na mdomo kwa kitambaa, ikiwezekana kilicholoweshwa, na wasikilize wahudumu.

Kama hakuna harufu, basi tuko salama?

Hapana, na hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Ndiyo gesi inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Katika ndege ndogo za pistoni, hita hupasha hewa kwa kuipitisha kuzunguka ekzosi. Ekzosi ikipata ufa, gesi huingia na joto. Januari 2019 mchezaji mpira Emiliano Sala alikufa ndege ya aina hiyo ilipoanguka baharini. Wachunguzi wa Uingereza walikuta asilimia 58 ya himoglobini (kibeba-oksijeni) katika damu yake imeshikwa na gesi hiyo. Ndege haikuwa na king'ora cha kuitambua.

Rubani wa ndege ndogo, king'ora hicho kikilia au kichwa kikianza kukuuma, zima hita, fungua matundu ya hewa ya nje, vaa oksijeni kama unayo, kisha utue kwenye uwanja ulio karibu.