Rangi haisharabiwi, inaambata

Juzi mkutanoni Makunduchi, hapa Unguja, nimelisikia tena neno hilo la kusharabu: kijana mmoja alisema eti chupa za plastiki zinageuzwa "sponji la kusharabu rangi" kutoka kwenye maji machafu. Habari yenyewe ni kweli, tena ni ya kheri kwetu tunaopika miyaa ya ukili kwenye sufuria za rangi, kisha maji yake tukayamwaga uani, juu ya jiwe lenye matundu yanayoteremka hadi visimani. Neno ndilo lililokosewa.

Kwa ufupi, chupa za maji hukatwakatwa, zikatiwa katika chombo kilichozibwa hewa, zikapashwa moto wa mamia ya nyuzi hadi zikawa mkaa. Plastiki hiyo karibu asilimia 62 ya uzito wake ni kaboni. Mkaa hutobolewa zaidi kwa mvuke au kemikali, na gramu 1 tu iliyotengenezwa vizuri huwa na kuta zinazozidi mita za mraba 1,000. Rangi hushika kwenye kuta hizo. (Kuzichoma jaani ni jambo jingine: hewa ikiingia, plastiki inaondoka moshi wenye sumu.)

Sasa, kusharabu. Neno limetoka kwenye Kiarabu, kunywa, nalo ni ndugu wa sharubati. Wali unapoiva unasharabu maji: yanaingia ndani ya punje yenyewe, punje ikavimba. Rangi haiuingii mkaa wenyewe namna hiyo. Najua nitaambiwa, "Mbona imo ndani ya matundu?" Popo nao wamo ndani ya pango, lakini wamening'inia ukutani; hawajaingia kwenye jiwe.

Wazungu nao iliwabidi watenganishe. Mwaka 1881 Heinrich Kayser, mwanafizikia wa Ujerumani, alianza kutumia neno "adsorption" alilopendekezewa na mwanafiziolojia Emil du Bois-Reymond, na tofauti yake na "absorption", lile la kusharabu, ni herufi moja: b ikawa d, na kwa Kilatini "kutoka" ikawa "kwenye". Lakini mzizi wa kufyonza waliubakisha, ndiyo maana hata wao wanachanganya mpaka leo.

Sisi tuna neno bora kuliko lao: kuambata. Lisikilize mwisho wake. Kamata, nata, fumbata, pakata, ambata: ile -ata ni ya vitu vinavyogusana na kushikana. Masizi yanaambata chini ya sufuria. Kiambatisho cha barua kinatoka hapo hapo. Na kinyume chake tunacho tayari, kuambua, kama unavyoambua gome la mti.

Hapo ndipo kosa linapoumiza. Ukiamini mkaa "umekunywa" rangi, utaona rangi imekwisha. Haikwisha. Imehama tu kutoka majini, na iliyoambata huweza kuambuka maji yakibadilika, yakiwa ya moto au yenye asidi. Tena kuta zikijaa, mkaa haushiki kitu tena, hata ukiumwagia ndoo ngapi.

Baada ya mkutano nilimfuata yule kijana aliyezungumza, maana kazi yake naithamini. Nikamwambia, mwanangu, waambie kina mama rangi inaambata, na mkaa uliojaa wauweke pakavu, kwenye ndoo yenye mfuniko, wasiumwage mikokoni.