Jinsi makabaila wa Uingereza walivyoifunga ardhi isiuzwe

Mwaka 1066 William wa Normandia aliiteka Uingereza, akaihesabu ardhi yote kuwa ya mfalme, kisha akawagawia wakuu wake kwa sharti la kumpatia askari. Fungu jingine kubwa lilipatikana kati ya 1536 na 1540, Henry VIII alipozivunja nyumba za watawa na mashamba yao yakauzwa au kutunukiwa watu wa karibu na ufalme. Woburn, makao ya ukoo wa Duke (cheo cha juu cha kikabaila) wa Bedford, ilikuwa abasia, yaani nyumba ya watawa. Vale Royal ya Cheshire nayo vilevile. Huko ndiko ulikotoka ukoo wa Lord Delamere, yule aliyekodishwa ekari 100,000 Njoro, Kenya, mwaka 1903.

Cheo na ardhi vilimwendea mtoto wa kiume wa kwanza, ili mali isigawanyike. Hilo pekee halikutosha, kwa sababu mrithi mmoja mcheza kamari angeweza kuuza kilichokusanywa na babu zake wote. Katikati ya karne ya 17 wanasheria, akiwemo Orlando Bridgeman, wakatengeneza hati iliyohakikisha kwamba hakuna mtu aliye hai mwenye umiliki kamili. Anayefahamu wakfu wa familia wa mwambao wetu ataitambua fikra hiyo: shamba haliguswi, watu wanakula mazao.

Kwa kawaida hati iliandikwa mrithi alipooa. Baba alibaki na haki ya kufaidi ardhi maisha yake tu. Kijana alipewa haki hiyohiyo baada ya baba, na umiliki mpana zaidi ukawekewa mtoto wake wa kwanza wa kiume, ambaye bado hajazaliwa, huku wadhamini wakimlindia fungu lake. Hati hiyo pia ilitaja posho ya kila mwaka ya mjane na fedha za mabinti na wadogo wa kiume, zote zikilipwa kutokana na ardhi.

Kifungo kilikuwa na upenyo mmoja. Mtoto huyo aliyewekewa umiliki mpana, akitimiza miaka 21, angeweza kukivunja kabisa kwa idhini ya baba yake, na kama baba amekwisha kufa, angeweza peke yake. Hapo ndipo koo zilipoponea au kuangamia. Baba aliyekuwa hai alimwahidi mwanawe posho mara moja, ilimradi atie saini hati mpya. Kijana asiye na kipato mara nyingi alikubali, na ardhi ikafungwa kwa kizazi kingine.

Mzigo ulizidi kwa sababu posho na mafungu yalikuwa kiasi maalumu cha fedha, ilhali kodi za wakulima wapangaji hupanda na kushuka. Kati ya 1877 na 1894 nafaka ya Amerika ilipofurika, bei ya ngano ilishuka kwa zaidi ya nusu. Kodi zikapunguzwa, madai ya ndugu yakabaki palepale. Sheria ya mwaka 1882 ikamruhusu mfaidi kuuza ardhi, mradi fedha zikabidhiwe wadhamini. Mwaka 1894 ikaja kodi ya serikali kwenye mali ya marehemu, kiwango cha juu kikiwa asilimia 8.

Kufikia mwaka 1949 kiwango hicho kilikuwa asilimia 80. Duke wa 10 wa Devonshire alikuwa ameihamisha mali yake mapema ili kuikwepa kodi hiyo, lakini sheria ilimtaka aishi miaka mitano baada ya kuihamisha. Akafariki Novemba 1950, miezi michache tu kabla ya muda kutimia. Ukoo uliuza ardhi na kazi za sanaa, na jumba la Hardwick likatolewa kwa serikali kama malipo. Chatsworth, jumba kuu la ukoo, ilibaki.

Tangu 1 Januari 1997 sheria hairuhusu kufungwa kwa ardhi kwa hati mpya ya namna hii. Zilizokuwepo kabla zinaachwa ziendelee mpaka ziishe zenyewe.