Mita haijui kwamba gauni ni jeupe

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Kamera ni nzuri, nimeiacha kwenye otomatiki, mbona gauni la bibi harusi limetoka kijivu?" Limetoka kijivu kwa sababu kamera imefanya kazi yake sawasawa. Mita ya mwanga iliyomo ndani haijui gauni wala suti. Inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, na huchukulia kwamba kitu hicho ni kijivu cha kati, ambacho kwa mazoea tunakihesabu kuwa kinarudisha asilimia 18 ya mwanga. Ielekeze kwenye ukuta mweupe, itauzima uwe kijivu. Ielekeze kwa paka mweusi, itampandisha naye awe kijivu.

Kwa hiyo namba ya mita kwangu ni taarifa, si amri. Kuamua kitu kikae wapi kati ya nyeusi na nyeupe ni kazi ya mpiga picha. Na mwanga ukiwa mgumu huwezi kubaki na vyote, basi amua kwanza uko tayari kupoteza nini. Hapo ndipo dijitali na filamu zinapoachana njia.

Sensa ya dijitali ikijaa, imejaa. Sehemu iliyoungua haina kitu ndani yake, na hakuna programu ya kurudisha mikunjo ya kitambaa. Vivuli vyake, ukipiga RAW, yaani faili ghafi la sensa, unaweza kuviinua sana, ingawa chengachenga zitajitokeza. Filamu ya negativu ni kinyume: humeza mwanga wa ziada bila taabu, lakini kivuli kilichokosa mwanga hubaki filamu tupu, na hata ukiisafisha kwenye dawa kwa muda mrefu zaidi hukipati.

Tuwachukue maharusi wamesimama mlangoni, yeye gauni jeupe, mwenzake suti nyeusi. Niko f/4 (upana wa tundu la lenzi), ISO 400 (wepesi wa kupokea mwanga). Nasogea, napima gauni peke yake: mita inasema shata ifunguke 1/500 ya sekunde. Napima mikunjo ya suti: 1/15. Tofauti ni stopu tano, na kila stopu ni mwanga kuzidishwa mara mbili. Kwa dijitali naanzia kwenye gauni. Nalitaka jeupe lakini lenye mikunjo, kwa hiyo nalipandisha stopu mbili juu ya kijivu: 1/125. Suti inaangukia stopu tatu chini, nami nitaiinua baadaye. Kwa negativu naanzia kwenye suti. Naishusha stopu mbili chini ya kijivu, iwe nyeusi yenye uhai: 1/60. Gauni linapaa stopu tatu, na filamu inalibeba. Watu ni walewale na mwanga ni uleule, ila filamu imepata mara mbili ya mwanga. Slaidi, yaani filamu inayotoa picha yenyewe badala ya negativu, ihesabu kama dijitali, tena kali zaidi. Ukikosea nusu stopu tu inaonekana.

Ngozi nayo ina mambo yake. Uso mweusi ukipimwa peke yake hupandishwa mpaka upauke, ndiyo maana huwa nashusha takriban stopu moja, kisha natazama. Ukikosa pa kupimia, tumia kiganja chako. Viganja vya watu havitofautiani sana kama nyuso zao. Kiweke kwenye mwanga uleule unaompiga unayempiga picha, pima, halafu ongeza stopu moja.

Jukwaani, mwimbaji akiwa ndani ya taa moja na nyuma yake giza, mita ya fremu nzima inaona giza tu na kuuchoma uso. Pima uso peke yake. Na taa zikiwa nyekundu, usiamini histogramu ya jumla, ile chati ya mwanga kwenye kamera. Fungua ile ya rangi tatu, kwa maana nyekundu inaweza kuungua wakati jumla inaonekana salama. Kumbuka pia kwamba histogramu ya kamera hutengenezwa kutokana na JPEG, yaani picha ambayo kamera imekwisha kuichakata, hata ukipiga RAW, kwa hiyo mara nyingi hupiga kelele mapema kidogo. Kioo cha kuonyesha picha nyuma ya kamera sikiamini kabisa. Usiku kila picha inang'aa.

Mita ikifa, jua lipo. Jua kali bila wingu: f/16, na shata iwe moja kugawanywa kwa ISO, yaani ISO 100 kwa takriban 1/100. Mwezi mpevu nao umepigwa na jua, basi f/11 kwa shata hiyohiyo. Mpiga picha wa Marekani Ansel Adams alipokuwa New Mexico mwaka 1941 hakuiona mita yake jua likiwa linazama. Aliukadiria mwanga kutokana na mng'ao wa mwezi, aliokuwa anaujua kwa kichwa.

Wa filamu wana jambo moja la ziada usiku. Shata ikipita sekunde moja hivi, filamu nyingi huanza kuchoka, na sekunde kumi za mita hazitoshi tena. Kiasi cha kuongeza hutofautiana, kwa hiyo soma karatasi ya mtengenezaji. Mchana, negativu ya rangi ya ISO 400 mimi huiwekea 200 kwenye mita, ili ipate mwanga maradufu, na kuisafisha kama kawaida. Slaidi usiifanyie hivyo.